Orodha Iliyojibadilisha Ndani ya Simu ya Bibi Eliamani

Aneth mwanangu,

Kuna swali nimelibeba miaka mitatu bila kulitamka mbele yako, ingawa katika nyumba hii wewe ndiye mtu pekee ambaye angelielewa bila kuelezwa. Mtu akikuuliza jambo, nawe ukamjibu papo hapo kwa habari uliyokuwa nayo juzi, huku kimyakimya umekwisha kumtuma mjumbe akalete habari ya leo, je, umemsaidia mtu huyo au umemdanganya? Nimelijibu swali hili mara nyingi, na kila jibu nililolipata asubuhi nimelikana jioni. Ninaliandika sasa kwa sababu kesho asubuhi unapanda basi la Dodoma, na kwa sababu mwezi uliopita ulisema maneno ambayo yameninyima raha tangu siku ile.

Umekwenda Sokon One kuagana na shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomfahamu hatakuachia kabla hujala mara mbili. Nina saa chache basi, hapa barazani Sekei, na masanduku yako mawili yamesimama karibu na mlango. Sitakuandikia habari za kula kwa wakati, wala za kupiga simu Jumapili, wala za kutafuta usharika huko uendako. Hayo umeyasikia mpaka yamekuchosha, na utayafanya au hutayafanya bila kujali karatasi hii. Ninachotaka kukuandikia ni kosa langu.

Ulirudi kutoka kwenye usaili wa kazi hii ya Dodoma, ya kutengeneza mifumo ya hospitali, nusura unirukie mgongoni. "Mama, mfumo wako wa zamu za mfereji, lile toleo la kwanza uliloniachia, ndio umenipa kazi!" ulisema. "Nimezima data mbele yao, nikafungua ukurasa, ukafunguka chap! Walibaki hoi. Yule mkuu wao akasema, hiki ndicho tunachotaka wauguzi wetu wapate. Wafungue, waone dawa zilizopo ghalani, hakuna kusubiri." Nilikukumbatia, nikacheka, nikakupa hongera. Kisha niliingia bafuni nikakaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ulipoyaona macho yangu ulidhani ni furaha. Ilikuwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilinihusu mimi mwenyewe.

Unamkumbuka Bibi Eliamani, jirani wa bibi yako kule juu ya Usa River, yule mjane aliyekupikia loshoro ya mahindi na maziwa mgando kila likizo na kukulalamikia kwamba wembamba wako unawaaibisha Wameru. Umeniuliza mara mbili kwa nini haji tena kwetu siku za sikukuu, nami nikakujibu kwamba amezeeka, miguu inamsumbua. Miguu yake ni mizima. Anapanda mlima ule akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Haji kwa sababu yangu.

Wewe ulikuwa mwaka wa kwanza chuoni nilipoutengeneza mfumo ule, na uliujua kwa upande wa kompyuta tu. Hukujua ulichukua nafasi ya nini. Zamani, kila Jumanne jioni, mgawa maji alitembea kandokando ya mfereji, nyumba kwa nyumba, akitangaza zamu za wiki: fulani Jumatano asubuhi, fulani Alhamisi. Alisimama uani, akataja siku na saa, na hakuondoka mpaka mwenye nyumba amjibu kwa sauti yake mwenyewe, "Nimesikia." Mtoto hakuruhusiwa kujibu kwa niaba ya mama yake. Ikiwa mwenye nyumba hayupo, mgawa maji alirudi. Ilimchukua jioni nzima na wakati mwingine jioni mbili. Zakaria, mgawa maji wa sasa, alikuwa amechoka, ana magoti mabovu, na mimi niliyesoma nikaona uzembe pale ambapo wazee waliotangulia walikuwa wameweka tahadhari. Nikasema, tuiweke orodha kwenye ukurasa, kila mtu aione kwenye simu yake.

Nitakueleza jinsi ukurasa ulivyofanya kazi kwa maneno ya nyumbani, ijapokuwa unayajua ya kazini, kwa sababu nimegundua kwamba maneno ya kazini yalinisaidia kujificha. Ulipofunguliwa mara ya kwanza, simu ilijiwekea nakala ya orodha, ile tunayoiita kache. Mara iliyofuata simu haikungoja mtandao. Ilitoa nakala yake, ikamwonyesha mtu, na wakati mtu akisoma, ikaenda chinichini kuiuliza seva, ile kompyuta inayotunza orodha yenyewe, kama kuna orodha mpya. Ikiwepo, iliipokea na kuiweka mahali pa ile ya zamani, tayari kwa safari nyingine ya kufungua. Ile iliyokuwa mbele ya macho ya msomaji haikuguswa. Ningeweza kuibadilisha pale pale. Ningeweza kuandika tarehe juu yake. Nilikuwa hata nimeweka kile kiduara kinachozunguka kuonyesha kwamba kuna kitu kinatafutwa, kisha nikakiondoa. Niliona kinaharibu sura ya ukurasa.

Tulifundishwa sote, mimi na wewe pia, kwamba mtumiaji hasubiri. Tumekaa kwenye kumbi tukapigiana makofi kwa kupunguza nusu sekunde. Sikujiuliza ni mtumiaji gani huyo. Bibi Eliamani alikuwa mwanamke anayengoja maji siku nane kwa utulivu, akihesabu kwa vidole, na mimi nikaketi hapa Sekei nikaamua kwamba hawezi kungoja sekunde nne. Nikifikiria jambo hilo mpaka leo damu inanichemka. Hakuna aliyemwuliza. Nilimkinga na subira ambayo hakuwa ameilalamikia.

Kisha mwenyekiti wa mfereji, Mzee Sifaeli, akaniomba kitu kimoja zaidi. "Mwalimu," aliniambia, maana kule huniita hivyo tangu nilipokuwa nikifundisha Makumira, "nataka nijue nani kapata orodha na nani hajapata. Watu wa hapa ni wajanja. Atanywesha shamba lake siku ya mwenzake, halafu aseme hakuambiwa." Ombi lilikuwa halali. Nikamtengenezea safu ya tiki mbele ya majina. Kila simu ilipochukua orodha mpya kutoka kwenye seva, tiki ilitokea. Juu ya safu hiyo niliandika, kwa mkono wangu na bila kushurutishwa na mtu: Amejulishwa.

Lisome neno hilo tena, Aneth. Kilichokuwa kimejulishwa ni simu.

Kiangazi cha mwaka ule ukuta wa banio, pale mfereji unapochukua maji mtoni, ulipata ufa. Jumanne jioni kamati ilisogeza zamu zote mbele kwa siku moja wakati fundi akiuziba. Zamu ya Bibi Eliamani, iliyokuwa Alhamisi asubuhi, ikawa Ijumaa. Yeye huwasha data jioni tu ili bando lisiishe. Jumatano, yapata saa moja, aliiwasha, akafungua ukurasa, akasoma: Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa akisoma nakala ya Jumapili. Alipokuwa bado akiisoma, simu yake ilikwisha kupokea orodha mpya na kuiweka. Akaizima data, akaiweka simu mezani, akatafuta jembe lake.

Asubuhi alifungua lango la shamba lake, akaziba mfereji kwa magogo ya mgomba na udongo kama inavyofanywa siku zote, na maji yakageukia kwenye karoti zake. Zakaria akamkuta.

"Mama, haya maji ya nani?"

"Ya kwangu. Leo si Alhamisi?"

"Alhamisi imekuwa ya jirani yako wa chini. Ana miche ya nyanya inakauka kule. Wewe ni kesho."

"Zakaria, mimi si mtoto. Nimesoma jana kwa macho yangu." Akachomoa simu kwenye mfuko wa aproni, akafungua ukurasa mbele yake, kwa ujasiri kabisa. "Angalia mwenyewe."

Ukurasa ukafunguka chap. Ukaonyesha Ijumaa.

Jirani wa chini alikuwa amekwisha kufika, na wengine wawili waliokuwa wakikata majani. Bibi Eliamani aliitazama simu yake kwa muda, akasema, "Jana haikuwa hivi." Nao wakacheka. Mmoja akasema, "Bibi, simu imekugeuka? Au umeigeuza wewe?" Nimeambiwa kwamba alirudia maneno yale mara tatu, jana haikuwa hivi, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Kuchukua maji ya mwenzako kiangazi si jambo dogo kule, wewe unajua. Mtu aliyeitwa mwizi wa maji hubaki na jina hilo hata maji yakiwa mengi. Jumamosi mkutano wa mfereji ulifanyika kwenye lile jengo la zamani la kukusanyia kahawa, na mimi nilikuwepo. Nilikuwepo na kompyuta yangu, na kando yangu walikaa wageni watatu wa shirika lililotaka kuupeleka mfumo kwenye mifereji mingine. Siwataji ili kuwalaumu. Hawakuniambia niseme chochote. Nawataja kwa sababu walikuwa sababu ya ulimi wangu.

Mzee Sifaeli alisimama. "Mwalimu, hebu tusaidie. Hapa mbele ya jina la Eliamani kuna tiki. Tiki hii maana yake nini?"

"Maana yake orodha mpya ilifika kwenye simu yake Jumatano jioni."

"Kabla ya Alhamisi?"

"Kabla ya Alhamisi."

"Kwa hiyo alijulishwa."

Nilifahamu, mwanangu. Nataka usiwe na shaka yoyote juu ya hilo, kwa sababu kwa miezi mingi nilijaribu kujiaminisha kwamba sikufahamu. Sikuwa nimeifikiria njia nzima hatua kwa hatua, hiyo ni kweli. Lakini nilihisi kitu kikisogea ndani yangu, kama vile unapotoka nyumbani na kuhisi kuna jiko hukulizima. Niliona wageni wakiniangalia. Nilimwona Bibi Eliamani, ameketi kwenye benchi la mbele na kitenge chake kizuri cha kanisani, naye akiniangalia, na usoni mwake hapakuwa na hofu. Aliniamini. Alidhani nimekuja kumtetea.

Nikasema, "Mfumo unaonyesha hivyo."

Maneno matatu tu. Hakuna hata moja lililokuwa la uongo, na ndiyo maana ninayachukia kuliko uongo niliowahi kusema. Uongo ningeweza kuutubu kwa jina lake.

Alitozwa mbuzi. Alinyimwa zamu mbili, karoti zake zikanyauka zikiwa ardhini. Wageni walinipa mkono, wakasema mfumo unaleta uwajibikaji. Niliteremka mpaka barabara kuu nikiwa na ndizi mkungu mmoja niliopewa na kamati, na wewe ulizila, ukasema ni tamu.

Wiki mbili baadaye nilikaa bustanini hapa nyuma, nikachukua simu mbili, nikarudia kila hatua. Nikawasha data, nikafungua, nikaona orodha ya zamani. Nikazima. Nikafungua tena, nikaona mpya. Kwenye seva, tiki ilikuwa imetokea wakati bado nimeishika ile ya zamani machoni. Nilirudia mara sita, kana kwamba mara ya sita ingeniokoa. Kisha nikafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ya leo ni baya kuliko maneno yale matatu. Nilirekebisha ukurasa. Niliweka juu ya orodha mstari unaosema ilichukuliwa lini, na nikaifanya iliyo mbele ya macho ijibadilishe inapokuja mpya. Neno Amejulishwa nikalifuta, nikaandika Simu imepokea. Nilifanya yote hayo alasiri moja, sikumwambia mtu, nikajihisi mwepesi. Nilitengeneza kosa la mashine, nikaliacha la binadamu limelala palepale, kwa sababu mashine hainiangalii usoni.

Hapa ndipo unapotegemea nikuambie kwamba marekebisho yalikuwa mema. Sina hakika. Watu wa juu kabisa, ambako mtandao huja na kuondoka, walianza kuona maandishi kwamba orodha yao ni ya siku mbili zilizopita, wakaingiwa na wasiwasi. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, zamani ilikuwa inafunguka tu. Sasa inanitisha." Wakaanza kumpigia Zakaria simu kila saa, mpaka akatishia kuacha kazi. Wengine waliacha kuufungua ukurasa kabisa. Nakala ile ya kimyakimya ilikuwa imewafaa mara nyingi kuliko ilivyowadhuru, na siku ambazo ilikuwa sahihi hakuna aliyekuja kunishukuru, kwa hiyo sina namna ya kuzipima. Mtu akikuuliza hali ya kaka yako aliye mbali, unamjibu kwa habari uliyo nayo, humwambii angoje mpaka upige simu. Sisi sote tunaishi hivyo. Lakini mtu mwungwana husema, nilipoongea naye Jumapili alikuwa mzima. Anaitaja Jumapili. Ukurasa wangu haukuitaja, na kila nikifika hapa nadhani nimepata jibu, kisha namkumbuka yule mama aliyesema inamtisha.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Nilipokutana na Bibi Eliamani kwenye msiba au harusi, nilimwamkia, naye aliitikia, tukapishana. Nilijiambia kwamba amesahau. Ni ajabu jinsi aliyekosa anavyokuwa mwepesi kujisamehe kwa niaba ya aliyekosewa. Kisha ukaja wewe na usaili wako na ukurasa uliofunguka chap, nikamwona muuguzi mahali fulani akisoma kwamba dawa ipo, akamwandalia mgonjwa, akaenda ghalani akakuta rafu tupu, akarudi na simu yake mkononi kumwonyesha daktari, na simu ikamgeuka. Nikapanda mlima siku ya pili yake.

Nilimkuta jikoni akimenya ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepotea."

"Nimepotea, mama." Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote, kuanzia nakala mpaka tiki. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza alichukua ndizi nyingine.

"Kwa hiyo jana haikuwa hivyo," alisema.

"Haikuwa hivyo."

"Mimi niliona Alhamisi."

"Uliona Alhamisi, mama."

Akakiweka kisu chini. "Unajua nilikwenda hospitali kupima macho? Daktari mwenyewe kijana, akaniambia, bibi, macho yako yanashinda yangu. Nikasema, basi kama si macho ni kichwa. Nimeacha kusoma somo kanisani. Wananiita, nakataa. Naogopa nisije nikasimama pale mbele nikasoma kitu ambacho hakikuandikwa." Akaniangalia. "Miaka mitatu, Mama Aneth. Mbuzi si kitu. Mbuzi mngekula hata kumi."

Nilianza kuomba radhi. Akanizuia kwa mkono wenye utomvu.

"Hapana. Usinipe pole jikoni kwangu. Kwani ulinisemea jikoni? Nenda kaseme pale uliposemea."

Jumamosi iliyopita, wewe ukiwa mjini kununua shuka, nilikwenda kwenye mkutano wa mfereji. Sikuwa na kompyuta wala wageni. Nilisimama nikaeleza kwa maneno haya haya ninayokuandikia wewe. Nilisema kwamba simu kupokea si mtu kusoma, kwamba nililijua hilo siku ile au ningeweza kulijua kwa kufikiri dakika mbili, na kwamba nilinyamaza kwa sababu ya fahari. Zakaria alivua kofia, akamwomba radhi Bibi Eliamani mbele ya watu, naye Zakaria hakuwa na kosa hata kidogo. Wenye makosa tulikuwa wawili, na wa pili alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwenyekiti.

"Mwalimu," alisema Mzee Sifaeli, "tunakushukuru kwa ukweli wako. Lakini mambo hayo yamepita. Mbuzi ameshaliwa."

Wengine wakacheka. Sikucheka. Nilisema, "Siombi mbuzi. Naomba kitabu cha kumbukumbu kiandikwe kwamba hakuiba."

"Hapana. Tukifungua kesi ya huyo, tutafungua za wote. Kuna wengine waliotozwa kwa tiki hiyo hiyo. Unataka mfereji mzima ugombane?" Akaongeza, kwa upole ambao nimeshindwa kuusamehe mpaka dakika hii: "Na tiki ni yako, Mwalimu. Sisi tuliisoma tu kama ulivyotuandikia."

Nilikasirika, na kwa sababu alikuwa na haki nusu nilirudi kukaa. Nimemjibu mara nyingi tangu Jumamosi, nikiosha vyombo, nikikunja nguo zako. Namwambia kwamba alitaka chombo cha kuwanyamazisha watu, na mimi nikampa, na kwamba mtu aliyeishi mita mia mbili kutoka kwa Eliamani miaka hamsini alipaswa kumjua kuliko anavyoijua tiki. Hayo yote ni kweli. Lakini na mimi nilimjua Eliamani, nami pia niliiamini tiki.

Bibi Eliamani alitoka kwenye jengo lile bila kuaga. Sijui kama alichopata kilimtosha. Sikumwuliza, maana swali hilo lingekuwa la kunifariji mimi.

Sikuandikii ili uikatae kazi, Aneth. Ifanye, na ufanye kurasa zinazofunguka hata pale mtandao ulipokufa, kwa sababu kuna watu ambao bila hiyo nakala ya zamani hawana kitu kabisa. Wala sikuagizi uandike tarehe juu ya kila kitu, kwa kuwa nimekuonyesha hapa kwamba tarehe nayo ilimtisha mtu. Nilitaka tu ujue kilicho ndani ya ule ukurasa uliowaonyesha, kabla hujawajengea wa pili kwa kuuiga. Na siku moja mtu wa kawaida, asiyejua kompyuta, atasimama mbele yenu aseme haikuwa hivi. Utakuwa na kumbukumbu za seva mkononi na ofisi nzima itakuwa ikikutazama. Sijui utafanya nini. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na minane na shahada mbili, na nilifanya nilichofanya.

Sasa nikuambie ambalo sijalimaliza, na sababu yake. Majina mengine yaliyotozwa faini kwa tiki ile ni saba. Nimeyatafuta kwenye seva, nimekaa nayo mezani tangu Jumapili. Siwezi kujua ni nani kati yao alisoma orodha ya zamani na nani alichukua maji akijua si yake, kwa sababu mfumo wangu uliandika dakika ambayo simu ilipokea, na haukuandika kamwe kilichokuwa kwenye kioo mbele ya mtu. Kumbukumbu hiyo haikupotea. Haikuwahi kuwepo, kwa kuwa sikuona umuhimu wa kuitunza. Hata kuhusu Bibi Eliamani, ninachoweza kuthibitisha ni kwamba inawezekana, si kwamba ilitokea. Namwamini tu, na kumwamini ni jambo nililopaswa kulifanya siku ile bila kuhitaji kuthibitisha.

Wiki ijayo nitaanza kwenda kwenye nyumba hizo saba. Sijui nitaingia na neno gani. Nikiwaambia kwamba huenda hawakukosa, nimewafungulia kidonda bila dawa, na pengine nimempa mwizi mmoja au wawili udhuru mzuri. Nikinyamaza, nimerudi kwenye ule mkutano na yale maneno matatu. Na yupo mmoja, baba wa watoto watano, ambaye mwaka ule hakubisha hata kidogo. Alisimama mbele ya mkutano, akakiri, akaomba radhi kwa jirani zake, na watu wakamsifu kwa uungwana wake. Nimeisoma dakika ya tiki yake mara nyingi. Sijui kama alikiri alichokifanya, au alikiri kwa sababu alifungua simu yake ikamwambia kwamba alikifanya.

Nasikia geti. Nadhani ni wewe.

Mama yako, anayekupenda na ambaye bado anajifunza kusema mapema.